Jairo Kaiharibu Pini Yangu

Ketrina, Jairo kanisaliti! Jairo huyu huyu tuliyesoma naye!

Leo Nanyala, mbele ya wakulima wa ushirika wa kahawa, kipima unyevu chetu kimegoma. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, hii ni redio mbovu?" Watu wakacheka.

Unakumbuka ile pini ya chipu niliyoiseti itume swali kwa kihisi cha unyevu, halafu ipokee jibu? Nafungua programu, nakuta imewekwa kutuma tu. Aliyebadilisha: Jairo. Asubuhi ya leo!

Nikamuuliza, "Ni wewe?"

Wala hakukana. "Ushirika ungekuajiri wewe peke yako, Lusungu. Mimi je?"

Mimi je! Eti mimi je!

Nimeirekebisha, kipima kikasoma vizuri, lakini wakulima walishaondoka. Na Jairo amesimama hapa, anasubiri nimpakie kwenye pikipiki turudi Tunduma.