Shemeji Filipo, Mwache Dada Yako Alale

Mikumi,
Kilosa.
14 Juni 2025.

Mpendwa shemeji Filipo,

Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa: marahaba. Natumaini wewe, Filomena na watoto hamjambo huko Ujerumani na kazi zinakwenda. Sisi huku tunapumua. Binti yetu Naomi hajambo, amerudi nyumbani kunisaidia kumuuguza mama yake. Mgongo wangu unalalamika kwa kumnyanyua mgonjwa, lakini sijambo. Kipupwe kimeanza, asubuhi tunajifunika. Salamu ziishie hapo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Unapaza sauti, kisha unakata. Karatasi huwezi kuikatia. Naomi ataipiga picha akutumie, nawe uisome mpaka mwisho.

Kwanza nikupe haki yako. Dada yako Lea alipoanguka sokoni miaka ile, moyo ukienda mbio kama umekurupushwa, ni wewe uliyehangaika hadi akawekewa ile mashine kifuani kule Dar. Ilimrudisha. Akaendelea kuuza mchele wake, na kwenye harusi ya Naomi alicheza mpaka akavua viatu. Sijasahau, wala sitasahau. Lakini shukrani hiyo isiwe kamba ya kunifunga mdomo.

Moyo wa dada yako umechoka, Filipo. Miguu imejaa maji, analala ameegemea mito kama mtu aliyeketi, na kijiko cha uji kinamchosha kama kulima. Madaktari walisema hakuna dawa ya kuurudisha, wakatukabidhi kwa timu ya tiba shufaa. Hao kazi yao si kuponya tena. Ni kuhakikisha mgonjwa haumii na anaondoka kwa heshima yake. Nesi wao, Costancia, huja hapa nyumbani na dawa ya maumivu, hukaa, huongea na Lea kama ndugu yake.

Ila habari ya mashine hakuna aliyetuambia. Walioiweka walitueleza namna ya kutunza kidonda na kwamba asibebe mizigo. Hawakusema kwamba siku moyo ukianza kuishiwa nguvu, ile mashine itadhani unakosea, iupige shoti ili uamke. Hasira yangu ya kwanza ni kwao. Ya pili ni kwako.

Shoti ya kwanza ilimpiga nikimwogesha. Nilikuwa nimemshika bega. Aliruka kama aliyepigwa teke na punda kifuani, akatoa ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, hata siku ya uchungu wa kumzaa Naomi nilipokuwa nimesimama nje ya dirisha. Beseni likamwagika. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempiga. Tangu hapo akawa anaogopa kusinzia, anaogopa kugeuka, anaogopa hata kukohoa.

Costancia akatufafanulia kwamba kuzima shoti si kuzima moyo. Moyo utaendelea na mwendo wake mpaka uishie wenyewe. Lea alisikiliza, kisha akasema mbele yangu, mbele ya Naomi na mbele ya daktari: "Zimeni. Nataka kufa mara moja, si kufa kila siku." Ni maneno yake. Akili yake ni timamu kuliko yangu na yako.

Wewe ukafanya nini? Ukampigia daktari, ukamwambia ndugu hawajakubali na kwamba utamfikisha mahakamani. Kijana wa watu akaogopa, akasema tungoje familia ipatane. Kisha ukampigia Baba Mdogo Simoni kule Zombo, ukamwambia Ditram anataka kumzima mke wake kama taa. Kama taa! Mimi ninayemfuta, ninayemlisha, ninayemgeuza ubavu! Unajua neno hilo lilivyotembea hapa mtaani? Jirani aliyekuwa akituletea maziwa sasa anayaacha mlangoni.

Na wakati tunakungoja wewe uridhike, mashine iliendelea kumpiga. Jumapili ilimpiga mfululizo, hata Naomi akakimbilia uani akaziba masikio. Siku hiyohiyo wewe ukaandika kwenye kundi la familia: "Dada yetu ni jasiri, ataendelea kupambana." Anapambana na nani, Filipo? Na kitu kilichomo ndani ya kifua chake?

Baba Mdogo alikuja Jumatatu kwa bodaboda, uso umekunjamana. Nilimwamkia, akaitikia akitazama ukuta. Chai aliikataa. "Nimekuja kusikia kwa mwanangu mwenyewe," akasema. "Maneno ya mkwe siyataki."

Akaketi kitandani, akamshika Lea mkono. Lea akamwambia polepole, pumzi zikimkatika, "Baba, mume wangu hajanifanyia ubaya. Mimi ndiye niliyeomba." Mzee akaanza kumbembeleza avumilie kidogo, kwamba Filipo huko anatafuta daktari mwingine. Hakumaliza. Mashine ikapiga. Lea akarushwa huku mkono wake ungali mikononi mwa mzee, akalia kama mtoto.

Mzee akanigeukia, akaniambia, "Mwite nesi." Basi. Akatoka nje, akaegemea ukuta, akalia.

Fundi wa kuizima kwa kompyuta alikuwa Dar, asingefika siku hiyo. Costancia aliwasiliana na daktari, akaja na sumaku nene ya mviringo, kama andazi lenye tundu katikati. Akaibandika kwa plasta juu ya ile mashine, akasema ikikaa pale shoti hazitoki. Sumaku, Filipo! Mateso yote yale yalikuwa ya kumalizwa kwa sumaku na plasta, kama wewe ungenyamaza. Alhamisi fundi akafika, akazizima shoti moja kwa moja.

Lea hajafa. Moyo unadunda kwa unyonge, lakini unadunda. Usiku analala. Jana aliomba dagaa wa kukaanga, akaonja, akamwambia Naomi kwamba kama hivi ndivyo anavyopika kwake, basi mumewe ana uvumilivu. Tulicheka sote. Daktari anasema siku zilizobaki si nyingi.

Sasa sikiliza. Usimpigie daktari tena. Baba Mdogo naye usimpigie, amesema hataki kuisikia sauti yako mpaka iwe ya kuomba radhi. Mpigie dada yako. Nitamwekea simu sikioni. Usimwambie apambane. Msalimie, mkumbushe alivyokuwa akikubeba mgongoni kule Munisagara mama yenu akiwa shamba. Na kama unaweza kupanda ndege, panda sasa. Usisubiri kuja kuzika na kushika kipaza sauti.

Nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Akasema, "Mwambie mdogo wangu sina kinyongo naye. Aliogopa tu." Nakufikishia neno lake kama lilivyo.

Naomi anakusalimu. Baba Mdogo hakuagiza salamu, nami simsingizii. Wabusu watoto, na Filomena mwambie tunamkumbuka. Mungu akulinde safarini na akupe masikio.

Dada yako amekusamehe. Mimi bado, na sitajifanya. Lakini njoo, kitanda chako kimetandikwa.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata kwa hasira hii,

Ditram