Nimevuka Tana na Baiskeli Yangu

Dada yangu mpenzi Mwanaisha, salamu kwako na wote nyumbani.

Ulisema mimi karani nikiuona Mto Tana nitarudi, na kweli nusura nirudi. Kutoka Witu nimeendesha baiskeli peke yangu bila shida, lakini hapa Garsen mamba walikuwa wakiota jua ukingoni, na mtumbwi wa kuvukia ulikuwa ukivuja. Mimi na mvushaji tukailaza baiskeli ndani.

"Kwetu mwenye hofu ndiye hufua maji, bwana karani," akasema Mpokomo mwenye mtumbwi, akinipa kibuyu.

Nikafua, nikiyachota maji mtumbwini na kuyamwaga mtoni, bila kuinua macho mpaka tukagusa mchanga. Wachungaji wa Kiorma waliokuwa wakitutazama kutoka ng'ambo wakacheka, wakanipa maziwa yenye harufu ya moshi.

Mungu awalinde. Mwambie mama mwanawe yuko ng'ambo ya Tana, na baiskeli yake ni kavu.

Nduguyo, Omari