Tangazo Lililonizika Nikiwa Hai

Baba Serwaa,

Kenkey yako ya mahindi iko sufuriani, samaki nimemfunika. Nimechukua ndoo na kisu, naenda kubandua matangazo yako ya duka na kuyachana yote isipokuwa moja.

Asubuhi, ulipokuwa bado umelala, Mama Konadu wa kwaya alibisha hodi akilia, amevaa nguo nyeusi. Nilipofungua akaruka nyuma: "Agyeiwaa! Si umekufa wewe?"

"Bado, dada. Jumamosi nafungua duka la kushona."

"Mbona kwaya tumeshachagua nyimbo!"

Kumbuka mwenyewe ulivyolichora tangazo lako: picha yangu katikati, pembeni nyeusi na nyekundu, jina langu kwa herufi kubwa, na chini "Jumamosi, nyote mnakaribishwa." Hapa Kumasi hilo ni tangazo la msiba. Nani atampelekea marehemu kitambaa ashone?

Usimwite mchoraji. Chora tena mwenyewe, herufi zako ni nzuri. Tumia njano na kijani, na uweke cherehani badala ya uso wangu.

Lile moja nisilolichana nitalileta nyumbani. Picha ile ulinipiga mwaka tuliooana, na sikujua kwamba bado unaitunza.

Marehemu atarudi mchana, na atakuwa na njaa.

Mama Serwaa