Siku Tisa za Kusema Nzuri

Ghorofa ya Tano,
Mlango Na. 18,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umevua viatu, umenyoosha miguu, na ile presha yako imetulia. Je, dawa unameza kila siku au mpaka shemeji apige kelele? Na wapwa wangu, yule mkubwa bado anarefuka tu kama ameahidiwa zawadi? Sisi huku tupo. Wifi yako mzima, binti yetu mzima, na mgongo wangu nitakueleza mbele kidogo, maana safari hii nimeamua kukuandikia kweli tupu. Lifti ya jengo letu bado mbovu, na majirani wakipanda ngazi wananitazama mimi kana kwamba nilipoacha kazi ya ufundi lifti niliondoka nayo mfukoni.

Dada, nimefaulu! Natanguliza hilo kwa sababu nakujua huna subira, ungeruka mpaka ukurasa wa mwisho. Mradi wa timu wa darasa la kompyuta nimepita, mimi mdogo wako wa miaka arobaini na sita, katikati ya watoto wa juzi. Natembea chuoni kifua mbele mpaka mlinzi wa getini ameniuliza kama nimepata mjukuu.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe. Mwalimu alitugawa watano watano, akaipa kila timu mteja wa kweli. Sisi tulipewa kliniki ya watoto wenye nyayo zilizopinda. Watoto hao hufungwa plasta mpya kila wiki, na mzazi akisahau wiki moja tu, mguu unaanza kurudi ulikotoka. Muuguzi mkuu wa pale alitaka programu ya kuwakumbusha wazazi kwa simu, siku moja kabla ya zamu ya mtoto.

Mimi nilidhani programu huandikwa yote mpaka iishe, kisha mwenyewe anaitwa kuitazama. Kumbe sivyo. Unatengeneza kipande kidogo, baada ya wiki mbili mteja anakuja kukijaribu, akikukosoa unarekebisha, ndipo mnaendelea na kingine. Kazi zenu zote zimeandikwa kwenye vikaratasi vya rangi ubaoni, na kila moja inahama kutoka kushoto kwenda kulia kadiri inavyokaribia kwisha. Halafu kila asubuhi saa mbili na nusu mnasimama mbele ya ubao huo kwa dakika kumi na tano, hakuna kukaa, na kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na wapi amekwama.

Kiongozi wetu ni msichana wa miaka ishirini na moja mwenye sauti ya kupasua ukuta. Tunamwita Kipenga, na jina mwenyewe analipenda. Alinipa mimi kipande cha kutuma ujumbe. Siku ya pili tu kikaanza kuganda: mara kinatuma vizuri, mara kinasimama kabisa, na sababu siioni. Asubuhi Kipenga akaniuliza, "Mzee, habari ya kazi?" Nikamjibu, "Nzuri."

Wewe unajua tulivyolelewa. Mtu akikuuliza habari, ni nzuri kwanza, hata kama jikoni kunafuka moshi. Mabaya yanasubiri mkishaketi. Shida ni kwamba pale hatuketi. Nikishasema nzuri, zamu inahamia kwa mwenzangu, na yale mabaya yangu hayapati nafasi tena mpaka kesho, ambapo naulizwa habari upya.

Basi nikajikaza kisabuni siku tisa. Kikaratasi changu cha njano kiliganda katikati ya ubao mpaka gundi yake ikaisha, nikakibandika kwa tepu nyeusi ya umeme. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao huku moyoni naungua. Ningesemaje mbele ya vijana wa rika la binti yangu kwamba nimeshindwa? Lifti ishirini na mbili nimezitunza kwa mikono hii, na hakuna hata moja iliyonitoa jasho kama vile vimistari vya programu.

Siku ya kuonyesha ikafika. Muuguzi mkuu aliketi, akavaa miwani yake ya kusomea, akafungua orodha ya watoto wa kesho yake, tarehe mosi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Hakugomba. Alisema tu kwamba kesho ana watoto arobaini, kwa hiyo acha awahi kurudi awapigie mwenyewe, akachukua mkoba wake akaondoka. Masikio yangu yalipata moto, Dada. Nilitamani sakafu inimeze.

Baada ya hapo huwa kuna kikao cha kutazama nyuma, mnaambiana mlipokosea. Kipenga hakuzunguka. "Siku tisa, mzee! Siku tisa unatuambia nzuri na sisi tunakuamini!" Nilitaka kumkumbusha umri wangu, lakini nilipofungua mdomo yakatoka mengine. Nikasema nimekwama tangu siku ya pili na wala sijui kinachoganda ni nini. Sikumbuki kama nimewahi kutamka maneno hayo tangu nizaliwe.

Chuoni kwetu timu inaruhusiwa kumtoa mtu, na aliyetolewa anarudia mwaka mzima. Mimi mwaka wa kurudia sina, na kwenye lifti mgongo haunirudishi tena. Kipenga akataka kura ipigwe papo hapo, nami nimesimama mbele yao. Mikono miwili ilisema nitoke, mmoja ukiwa wa Kipenga mwenyewe. Miwili ikasema nibaki. Ikaamuliwa nipewe wiki mbili nyingine, halafu wataona.

Kesho yake mmoja wa wale walioninusuru, binti mpole tunayemwita Miwani, alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Nisomee kwa sauti, mstari kwa mstari," akaniambia. Nikasoma. Tulipofika pale ninapotafuta siku ya kutuma, yaani tarehe ya zamu kutoa moja, akaniuliza, "Na mtoto wa tarehe mosi?" Nikahesabu kwa vidole. Moja ukitoa moja ni sifuri, na kompyuta ilikuwa inahangaika kutafuta tarehe sifuri. Tulimaliza kwa nusu saa kilichonitesa siku tisa.

Siku ile nilikukumbuka sana. Nilipoanguka kwenye shimo la lifti nilikuandikia "sijambo" miezi minne mfululizo, mpaka ukaja kusikia habari zenyewe kwa shemeji, ukalia kwenye simu. Nilidhani nakuhurumia. Nisamehe, Dada.

Asubuhi ya onyesho la mwisho sikungoja kuulizwa habari. Niliwaambia wenzangu kwamba ujumbe umetumwa kwa wazazi arobaini na mmoja, lakini watatu haujawafika kwa sababu namba zao ziliandikwa pungufu. Mmoja akashauri tuwaonyeshe wale thelathini na nane, tunyamaze. Alama zilikuwa za siku ile, na za kwangu ndizo zilizokuwa zikining'inia. Kipenga akasema mwonyeshaji ni mimi, niamue.

Chumba kilijaa timu zote tano, na mwalimu kalamu mkononi. Nikamgeukia muuguzi mkuu. "Mama, kabla hujabonyeza, kuna wazazi watatu hawajapata." Nilimwona mwalimu akiandika kitu. Muuguzi mkuu akauliza, "Wepi?" Nikampa karatasi yenye majina. Hakusubiri, alipiga simu kliniki pale pale, wakafungua mafaili. Wawili walipatikana kupitia jamaa zao, na wa tatu dereva wa kliniki alipajua kwake. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Haya, endelea," akasema.

Kesho yake sikuweza kutulia, nikaenda kliniki kujionea. Wote watatu walikuja. Wa mwisho ni kitoto cha kike cha mwaka mmoja na nusu, plasta miguu yote miwili. Nilipoinama kukisalimu kikanitandika teke la ugokoni, plasta na nguvu zake zote. Sijawahi kupigwa nikafurahi kiasi kile. Mpaka leo nina alama, nimemwonyesha wifi yako mara tatu.

Mwalimu alituweka wa pili. Wa kwanza walikuwa na rangi za kupendeza, basi tu.

Sasa mabaya, na nayasema mapema. Hesabu nimeanguka, nitarudia mtihani mwezi wa tano, na Miwani ananifundisha. Mgongo unauma nikikaa zaidi ya saa moja, na daktari amesema hautapona wote. Usilie. Nimezoea kusimama.

Juzi zimepangwa timu mpya. Viongozi wanachagua watu mmoja mmoja mbele ya darasa zima, nami nilikaa nyuma kabisa nikijifanya nafunga kamba za kiatu, maana nilijua nitabaki wa mwisho. Kipenga ndiye aliyeanza kuchagua. Akanitaja mimi. Darasa likaguna. Kipindi kilipokwisha nilimfuata mlangoni nikamuuliza kama ananihurumia, naye akanitolea uvivu kama kawaida yake.

"Nikuhurumie nini, mzee? Hawa wengine wote wananiambia nzuri."

Wifi yako anakusalimu sana, na binti yetu anamwamkia shangazi yake. Mpe shemeji salamu zangu, na wapwa waambie mjomba wao ni mwanafunzi mwenzao. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri na moyo mwepesi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Fundi