Kamba Mbili na Nazi za Ijumaa

Likoni, Ijumaa

Mjukuu wangu Mishi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sote tu wazima. Babako bado anakwenda zamu Kipevu, na paka wako amezalia ndani ya kapu langu la ukili.

Waniuliza kama naamini maneno ya mwalimu wenu: kwamba kuitikisa kamba kwa nguvu hakulifikishi wimbi upesi, ila kuivuta ikaze. Wallahi, barua yako nimeisoma mara tatu!

Usichanani, mimi na dada yangu Mwanaisha tulifunga kamba mbili za kumbi kwenye mnazi mmoja, kila kamba na kopo lake kule mwisho. Tulihesabu tatu, kila mtu akaitikisa yake mara moja. Ambaye kopo lake lilichelewa kulia alikuna nazi zote za wali wa Ijumaa. Mimi nilitikisa mpaka bega likauma, wimbi langu likapanda kama mgongo wa ngamia. La Mwanaisha lilikuwa dogo, na kila mara lilifika kwanza. Nikamwita mchawi. Kumbe alikuwa akirudi nyuma hatua moja tu, kamba ikakaza!

Leo asubuhi amekuja kunitazama. Nikamwambia, "Twende uani tucheze ule mchezo wetu." Nikarudi nyuma hatua mbili.

Sasa hivi namsikia jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anauliza ni nani aliyenifundisha. Nimemwambia ana miaka kumi na sita, na anasoma Eldoret.

Bibi yako,
asiyekuna nazi leo