Ukuta wa Upande wa Kitanda

Kibeta, Bukoba
Jumanne, 18 Novemba 2025

Kwako dada yangu Kokushubila,

Shikamoo, waitu. Naomba barua hii ikukute goti limepata nafuu, na shemeji Alexander amesharudi kutoka kliniki Muleba. Huku mvua imekatika siku tatu, watu wanangoja senene ambao mwaka huu wanakuja kwa kusuasua. Mimi mwili ni mzima. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili tukaishia kuzungumzia mnyauko wa migomba. Nimeona niandike, maana karatasi haitanipa nafasi ya kubadilisha mazungumzo. Joanitha anakuja huko kijijini keshokutwa, nitampa akuletee.

Kwanza nikueleze habari ya kazi. Unajua kwamba kwa miaka minane sasa nachora *Sikio la Byera*, ile hadithi ya picha ya mtindo wa Kijapani wanayoiita manga. Marehemu mama alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliniuliza kama nimeacha shule ili niuze pilipili. Byera, kama unavyokumbuka, ni msichana fundi ujenzi anayeweka sikio ukutani na kusikia kama nyumba itaanguka. Wasomaji wanampenda. Mimi mwenyewe nimeshamchoka, Mungu anisamehe. Mkono wa kulia unaniuma kuanzia kwenye kidole gumba hadi begani, na kila mwezi ni lazima aingie nyumba nyingine.

Mwezi wa nane msomaji mmoja wa Dar es Salaam, dada aitwaye Nasma, aliipata kazi yangu ya zamani, *Nyuma ya Kalenda*. Ni kurasa kumi na sita tu. Niliichora mwaka 2016 kwa ajili ya mashindano, sikushinda, nikaisahau. Nasma aliisoma mara nyingi kuliko mimi niliyeichora, kisha akaandika makala ndefu kwenye mtandao kuonyesha kwamba Byera mzima yumo mle. Mle kuna mama mzee anayeishi peke yake. Kuna ufa ukutani, na kalenda ya kanisa iliyotundikwa kuuficha. Kila ukurasa ufa unarefuka, na ukurasa wa mwisho ukuta unaanguka.

Watu walipoangalia tarehe wakakuta niliimaliza mwezi wa nne, na tetemeko lilikuja mwezi wa tisa. Basi nikawa nabii. Naitwa hivyo hata sokoni. Mzee Aroni wa duka la vifaa aliniomba nimwambie kama ghala lake liko salama, na hakuwa anatania. Mchapishaji wangu naye anataka kuzitoa kazi zote mbili katika kitabu kimoja, na juu ya jalada yaandikwe maneno kwamba mchoraji aliona kabla. Anangoja saini yangu mwisho wa mwezi huu. Methali ile ya ufa na ukuta unaijua. Nimetajiwa mara nyingi mno, sitaiandika hapa.

Lakini Nasma alinitumia pia swali ambalo hakuliweka kwenye makala yake. Alisema katika ukurasa wa tisa wa kazi ile ya zamani kuna kijana mwenye baiskeli, amesimama njia panda, kisha anageuza na kurudi alikotoka. Hasemi neno na haonekani tena. Halafu akanionyesha kwamba katika *Sikio la Byera*, kila nyumba inapoanguka, kijana yuleyule yumo kati ya watu, mgongo umetugeukia, na baiskeli iko pembeni. Alikuwa amemhesabu mara thelathini na moja. Akaniuliza kwa adabu kabisa kijana huyo ni nani.

Dada, nilichukua vitabu vyangu vyote nikavipekua sakafuni asubuhi nzima. Ni kweli. Yumo. Nimemchora miaka yote hii bila kujua kwamba namchora.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Pasaka ya mwaka ule ulikuja hapa Kibeta ukauona ufa chumbani kwa mama, ukutani upande wa kichwa cha kitanda. Uliniagiza niende Kemondo nikamwite Rutaihwa auangalie, kwa kuwa yeye ndiye aliyemjengea baba nyumba hii na anaijua ilivyo ndani. Baada ya wiki mbili ulipiga simu kuuliza. Nilikuambia Rutaihwa amekuja, amegonga ukuta kwa nyundo, amesema ni lipu tu iliyopasuka, mama asihangaike. Ukashukuru, ukasema sasa utalala.

Rutaihwa hakuja. Hakuja kwa sababu sikumwita. Nilitoka siku moja na baiskeli, nikafika njia panda, nikafikiria siku zilizobaki kabla ya mashindano na kurasa ambazo sijamaliza, nikarudi. Nilisema nitakwenda nikimaliza. Na nikuambie lililo baya zaidi: mama alikuwa ameufunika kwa kalenda ya kanisa, nami nilikuwa naiondoa mchana yeye akiwa shambani, nakaa kitandani kwake, nauchora ufa jinsi ulivyo. Nilijua umerefuka, dada. Nilikuwa naupima kwa penseli ili picha iwe sahihi. Sikuona jambo lolote kabla. Niliona kilichokuwa mbele yangu, nikakichora, basi.

Jumamosi ile ya tetemeko mama alikuwa amejilaza baada ya chakula. Mengine unayajua.

Na unajua ulichomwambia Rutaihwa msibani, mbele ya watu, kwamba neno lake ndilo lililomuua mama yetu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Nilinyamaza. Siku ile nilijisemea kwamba una uchungu, nitakueleza ukitulia. Ulipotulia nikaogopa kukurudishia uchungu. Hivyo ndivyo miaka tisa imepita.

Alhamisi iliyopita nilikwenda Kemondo. Rutaihwa ameacha ujenzi. Baada ya msiba ule watu waliacha kumwita, sasa anapima dagaa mwaloni kando ya ziwa. Amezeeka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye akasubiri nimalize ndipo akanionyesha ndoo nikae. Alisema alijua tangu siku ile ya maziko, kwa sababu ulipokuwa ukimlaumu alinitazama, nami nikatazama chini. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema mtu anayebishana mbele ya jeneza huonekana ana hatia hata kama hana, na zaidi ya hayo hakutaka ufiwe na mama na mdogo wako siku moja.

Nilimwomba aniambie ukweli wa kifundi, kama angekuja ukuta ungepona. Nilitumaini atasema hapana. Alifikiri sana, akasema huenda ungeanguka vilevile, maana zimeanguka nyumba imara kuliko ile. Kisha akasema, “Lakini ningemwambia mama ahamishe kitanda.”

Neno hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Mchapishaji nimeshamjibu kwamba sitatia saini. Nasma nimemwambia nitamjibu baada ya wewe kujua, naye amekubali kungoja. Rutaihwa hataki niandike lolote la kumsafisha mtandaoni. Anasema hao hawakumjua kabla na hawatamjua baadaye. Ameomba jambo moja tu, afike kwenye kaburi la mama huko Buganguzi. Tangu maziko hajawahi kukanyaga kwenye kibanja cha baba, kwa kukuheshimu wewe unayekitunza.

Nimemwambia tutakuja pamoja Jumamosi hii kwa basi la asubuhi. Sikuombi unisamehe katika barua, na sikutegemei unijibu. Kama hutaki kutuona, mwachie ujumbe Agnetha pale dukani kwake barabarani, tutageuzia hapohapo. Lakini kama ni mmoja tu unayeweza kumvumilia, tafadhali mpokee yeye, na mimi nitangoja barabarani hadi amalize.

Msalimie sana shemeji, umwambie dawa asiziache hata akijisikia vizuri. Wasalimie watoto na majirani wote wa hapo kijijini. Mungu akulinde, dada yangu.

Ni mimi mdogo wako,

Avit Mwijage