Kadi ya Kliniki ya Akiru

Lodwar,
Jumapili, 9 Juni 2024.

Kwako ndugu yangu na mkwe wangu Lomuria,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Lomenen na wote waliomo bomani mwako huko Kakuma. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zipungue? Na wale mbuzi uliosema wanakohoa, wamepona? Sisi hapa tu wazima. Ejok, kama tulivyozoea kujibu hata siku ambazo mambo si mazuri.

Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Ujumbe wako wa Alhamisi ulinifikia sokoni, nikausoma nimesimama, kisha nikalazimika kuketi juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa. Umeniarifu kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wazee wataketi kwako, kwamba mwanao Lomenen ataoa mke mwingine, na kwamba binti yangu Akiru atarudishwa kwangu, kwa kuwa miaka sita imepita bila mtoto na kwa kuwa, nanukuu maneno yako, "ameonyesha kwamba hataki kupona". Mimi na wewe tulikaa dawati moja katika shule ya misheni, tukachapwa pamoja kwa kosa moja, na tangu siku hizo sijawahi kukuandikia kwa hasira. Leo naandika kwa hasira. Nakuomba samahani kabla sijaanza, na nitakuomba tena nitakapomaliza, kwa sababu nyingine.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana naona kwenu umepewa majina yasiyo yake. Mwezi wa Januari, Akiru alipokuja kukaa kwangu ili awe karibu na kliniki, nilimsindikiza siku ya kwanza. Nilikaa nje kwenye benchi katikati ya wanawake wajawazito, mzee pekee, kofia mapajani. Tabibu, kijana mwenye adabu, aliniita ndani baada ya Akiru kukubali. Alinieleza kwamba mifuko ya mayai ya binti yangu ina vijifuko vingi vidogo. Mayai huanza kukua kisha hukwama njiani. Ndiyo maana siku zake hupotea miezi mingi, na ndiyo maana huota nywele kidevuni, zile nywele ambazo Mama Lomenen aliwaonyesha majirani kwa kidole. Alisema huu ni ugonjwa wa homoni, unawapata wanawake wengi, wanene na hata wembamba, wala hauletwi na laana au tabia. Hauondoki kabisa, lakini unaweza kutawaliwa. Kwa mwili wa Akiru, akipunguza kilo tano au sita kati ya tisini na mbili alizokuwa nazo, huenda siku zake zikarudi, na tumaini la mtoto likawa kubwa zaidi. Basi apunguze sukari, mandazi, ugali mweupe na mafuta. Ale maharage, mboga, samaki na uji wa wimbi usiotiwa sukari. Na atembee kila siku.

Tabibu huyo huyo aliandika karatasi ya pili, kwamba mume naye aje apimwe. Karatasi hiyo ilifika mikononi mwako Januari. Mwanao hupita hapa kila baada ya wiki mbili na lori lake la kwenda Lokichoggio. Huliegesha hatua mia mbili kutoka mlango wa kliniki, hununua samaki wa kukaanga, hula, hunawa, huondoka. Hajaingia hata mara moja. Nisamehe, Lomuria, lakini katika miezi hii mitano ni nani aliyeonyesha kwamba hataki kupona?

Akiru alikiacha kibanda chake cha chai na mandazi huko Kakuma, karibu na lango la kambi ya wakimbizi. Alimwachia rafiki yake Awut, yule mama mrefu kutoka Sudan Kusini, ambaye alimwambia aende tu, kwa kuwa mtu hawezi kupungua huku ameinamia karai la mafuta tangu asubuhi hadi jioni. Hapa kwangu aliamka alfajiri na kutembea hadi mto Turkwel na kurudi, mikono mitupu. Unawajua vijana wetu wa bodaboda. Mwanamke anayetembea kwa haraka bila mtungi wala kuni wala mtoto mgongoni ni kichekesho kwao. Walimwuliza kila siku, "Mama, mbuzi wamepotelea wapi?" Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya tatu akawajibu kwamba mbuzi wamepatikana, sasa anamtafuta mchungaji, na mchungaji mwenyewe anafanana sana na huyo aliyekaa kwenye pikipiki. Tangu siku hiyo wanamwamkia kwa heshima.

Huyo ndiye mwanamke uliyemwita Kakuma tarehe kumi na sita Machi.

Sikuwapo, lakini nimesimuliwa na Awut aliyesimama kwenye uzio, na Akiru mwenyewe hakukanusha. Mlimketisha chini kwenye mkeka katikati ya watu, mke wa mtu, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Mkachukua kadi yake ya kliniki, kadi ya siri za mwili wake, mkampa mpwa wako aisome kwa sauti. Januari, tisini na mbili. Februari, tisini na mbili. Machi, tisini na tatu. Watu wakacheka. Mmoja akasema labda mizani imempenda, haitaki kumwacha. Mama Lomenen akasema kwamba huyu hula kwa kujificha kama fisi, mchana maharage mbele ya baba yake, na nyuma ya nyumba mafuta. Akiru aliapa kwamba hajala kwa siri hata siku moja. Ukamwambia, wewe Lomuria, mtu niliyedhani namjua, kwamba kadi haina sababu ya kusema uongo.

Nimelitafakari neno hilo kwa wiki kumi na mbili. Mngemhukumu mwizi wa ng'ombe, mngemwuliza alikuwa wapi na nani alikuwa pamoja naye. Binti yangu hakuulizwa hata ni nani anayepika katika nyumba anamokaa. Kiti hakupewa. Maji hakupewa. Mume wake aliangalia simu yake wakati wote. Je, hayo ndiyo tuliyofundishwa na wale mapadre waliotulisha na kutuvisha? Wanyama wa mahari mliotoa sitawataja hapa, kwa kuwa sikukupa binti yangu kwa sababu yao. Nilimleta nyumbani mwa rafiki.

Sasa nimefika mahali ambapo hasira yangu inakosa miguu ya kusimamia, nami nakusihi usiiweke barua chini.

Unakumbuka nilivyofanya kazi mwaka ule wa ukame mkubwa wa 1980. Wewe ulikuwa umekwenda Kitale kutafuta kibarua. Mimi niliajiriwa na misheni katika kituo cha chakula. Kazi yangu ilikuwa kupima. Nilimning'iniza mtoto kwenye mizani, nikauzungusha mkononi mwake utepe wenye rangi tatu, nikaandika. Kila kilo iliyopungua niliijua maana yake, na mara nyingi niliwahi kulijua kaburi kabla ya mama. Utepe mmoja ninao hadi leo ndani ya kitabu changu cha sala. Na miaka sita iliyopita, mke wangu Namuar alipougua tumbo, nilimwona akipungua vivyo hivyo mpaka pete ikadondoka yenyewe ndani ya sufuria ya uji. Kwa hiyo Akiru aliponijia akisema kwa furaha kwamba anataka kupungua, masikio yangu yalisikia, lakini moyo wangu haukukubali. Majirani nao waliniuliza kama binti yangu ni mgonjwa, au kama siku hizi kwa Mzee Esekon hakuna chakula.

Lomuria, mimi ndiye ninayepika katika nyumba hii. Tangu nifiwe, nilikuwa sijampikia mtu yeyote, na nilifurahi mno kuwa na mtu wa kumpakulia. Katika maharage ya Akiru nilitia mafuta ya mkia wa kondoo, vijiko vitatu, wakati mwingine vinne, nikayafunika kwa kitunguu. Katika uji wake nilitia sukari. Alipouliza kwa nini ni mtamu, nilimwambia kwamba wimbi wa Kitale una utamu wake wa asili, naye akaamini, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kunishika katika uongo. Alinisifu. Alisema, "Baba, hakuna mtu anayepika maharage kama wewe." Nilifanya hivyo kila siku, kuanzia Januari hadi Machi. Alivyozidi kutembea, ndivyo nilivyozidi kutia.

Huyo fisi wa nyuma ya nyumba ni mimi.

Alirudi kutoka kwako akakaa siku mbili bila kugusa chakula, akiniambia kwamba huenda yeye ni mwongo bila kujijua, huenda hula akiwa usingizini. Hapo bado nilinyamaza. Ilikuwa Juma Kuu nilipokwenda kuungama. Padre, ambaye ni kijana kwangu, alinisikiliza hadi mwisho akasema kwamba Mungu ananisamehe, ila maharage hayakuliwa na Mungu. Nikaenda nyumbani, nikamwambia binti yangu.

Hakupiga kelele. Alichukua kopo la sukari na mtungi wa mafuta, akampelekea jirani, akarudi akaketi. Akasema, "Baba, mimi si mtoto wa kituo cha chakula. Ungeniuliza." Hayo tu. Tangu siku ile yeye anapika, mimi naosha vyombo, na wote wawili tunakunywa chai isiyotiwa sukari. Mwanzoni niliiona kama adhabu. Siku hizi naisikia ladha ya majani yake.

Huenda utauliza kwa nini sikukuandikia wakati wa Pasaka. Nilitaka kufanya hivyo, Akiru akanikataza. Alisema kwamba huko Kakuma tayari wanamwita mwizi wa chakula, basi acha wamwite, kuliko jina la baba yake kuchekwa kwenye mkeka ule ule. Nami, kwa aibu yangu, nilikubali kufichwa nyuma ya mtoto wangu. Niliendelea kukubali hadi Alhamisi, niliposoma yale maneno, kwamba hataki kupona. Hayo siwezi kumwachia ayabebe. Leo asubuhi nimemwambia kwamba nakuandikia. Ameniletea kalamu.

Nakuandikia hapa yaliyomo kwenye kadi, kwa idhini yake. Aprili, tisini na moja. Mei, themanini na tisa. Juni, wiki iliyopita, themanini na saba na nusu. Siku zake zilirudi katikati ya Mei baada ya miezi saba, na juzi zimekuja tena, kwa mpangilio wake. Sikuahidi mtoto, tabibu naye hakuahidi. Lakini kadi haina sababu ya kusema uongo.

Ombi langu ni hili. Jumamosi hiyo nitakuja mwenyewe. Akiru atakuja pia, naye apewe kiti. Mkeka utandikwe palepale katikati, nami nitaketi juu yake. Barua hii isomwe kwa sauti, na msomaji awe Lomenen, ili macho yake yasiwe kwenye simu. Wanaotaka kucheka wanicheke mimi, nitawangoja wamalize. Kisha mwanao aseme mbele ya watu ni siku gani lori lake litasimama mbele ya kliniki kwa jambo jingine mbali na samaki. Baada ya hapo, kama bado mnataka kumrudisha, mrudisheni mkijua mnamrudisha mwanamke aliyesema kweli.

Samahani ya pili niliyokuahidi ndiyo hii: nilikulaumu kwa kumhukumu, nami nilikuwa nimekupa ushahidi wa uongo. Yote mawili yabaki yameandikwa.

Nisalimie boma lote, mkubwa kwa mdogo. Mama Lomenen mpe salamu zake peke yake, na umwombe jambo moja kwa niaba yangu. Najua kwamba mgeni kukataa sukari nyumbani kwake ni tusi. Siku hiyo chai ya Akiru na yangu isitiwe sukari. Akikasirika, anikasirikie mimi.

Ni mimi ndugu yako wa dawati moja,

Petro Esekon.